Stroberi Alizotuachia Bibi

Nyumbani,
Jumapili asubuhi.

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. U hali gani, na lile goti limetulia? Baba Mdogo bado anakoroma mpaka majirani wanagonga ukuta? Sisi hatujambo, ila Mama presha inapanda na kushuka, na kinachompandisha ndicho kilichonikalisha kuandika.

Stroberi alizotuachia Bibi zinakufa. Majani yamejikunja, matunda yamekuwa madogo kama maharage. Tangu tumzike Bibi, Mama huziinamia kila asubuhi kabla hata ya kunywa chai. Kwa hiyo juzi nilikwenda kwenye kitalu, nijifunze kuzizalisha kabla hazijaisha.

Mwenye kitalu ni mama mmoja asiyecheka ovyo. Alinionyesha zile kamba zinazotambaa kutoka kwenye mche: unakibana kichipukizi juu ya kikopo cha udongo, wala hukikati mpaka kishike mizizi. Mimi na kiherehere changu nikatoa mche wetu kikapuni, nikautua katikati ya miche yake. Aliurudisha haraka, akafunika kikapu, akaosha meza na mikono. Wanasema mgeni aje mwenyeji apone. Mimi nilimpelekea maradhi. Nilitamani ardhi inimeze.

Akauliza tunachagua vipi mche wa kuzalisha. Nikamweleza kwamba Mama huchukua vichipukizi vya ule mkongwe kuliko yote, kwa kuwa ndio Bibi alioupanda kwa mkono wake.

“Basi mmekuwa mkiupanda ugonjwa wenyewe, mwanangu,” akasema. “Choma yote. Na tuta lile usilirudishie stroberi.”

Mama sijamwambia. Jana aliosha vikopo, akavipanga dirishani, akaniuliza tunaanza lini. Nikasingizia sufuria inaungua, nikakimbilia jikoni. Naogopa, Mama Mdogo.

Ndipo nikakumbuka mche uliosafiri nao mwaka ule ulipohama, umeuviringisha kwenye kitambaa kibichi. Wakati huo zetu zilikuwa bado nzima. Nikimwambia Mama habari ya moto, nataka niwe na la kumwambia baada yake.

Nisalimie Baba Mdogo na wale mapacha. Mungu akulinde, akuondolee maumivu ya goti.

Sasa weka barua chini, utoke nje ukaangalie majani ya mche wako.

Mwanao akupendaye,
Kidomo