Sentensi ya Alwyn Iliyokatwa

Geelong,
14 Agosti

Kwa dada yangu mpendwa Merryn,

Pokea salamu zangu za dhati. Natumaini baridi ya huko Burnie haijakuzidi, na bega limeacha kukusumbua. Sisi hatujambo, Wendy anakohoa kidogo tu, naye anakusalimu sana wewe wifi yake.

Barua yako kuhusu kipindi chetu cha televisheni juu ya sheria ya kumsaidia mgonjwa kufa kwa hiari niliipata. Uliuliza kwa nini mlemavu akionyeshwa kwenye televisheni lazima awe ama shujaa ama maiti mtarajiwa. Nimekawia kujibu kwa aibu. Acha nikueleze ilivyokuwa.

Mwezi wa sita tulikwenda Bendigo kumrekodi bwana Alwyn Pascoe, fundi wa mapaa aliyeanguka miaka kumi na moja iliyopita, akapooza kuanzia shingoni. Alizungumza dakika arobaini, mzaha mtupu. Alimwambia mpiga picha wetu kwamba akiendelea kumtazama kwa macho yale ya msibani, atamfukuza. Kisha akasema, "Nimechoka. Nimechoka kulazwa saa kumi na moja jioni kama kuku, eti msaidizi hana zamu nyingine. Nileteeni mtu wa saa tatu usiku, muone kama sitawazika nyote!"

Kilichoonyeshwa ni neno moja: "Nimechoka." Likafuatiwa na dirisha lenye mvua, kinanda, na mtangazaji akiuliza mtu aishije hivi. Sheria yenyewe haimhusu; ni ya wagonjwa waliokaribia kufa, naye hafi. Hilo halikusemwa.

Kesho yake majirani walimpelekea keki na maua. Mama mmoja wa kanisani alimshika bega akamwambia kwamba anauheshimu uamuzi wake wa kufa. Alwyn akapiga simu ofisini, nikaipokea mimi.

"Wewe bwana, mmeniwekea matanga na mimi nipo hapa nakula keki," alisema. "Lakini sicheki. Nilikuwa nimeomba saa mbili zaidi za msaidizi. Leo afisa wa huduma za walemavu ananiuliza, kwa upole kabisa, kama bado nazihitaji."

Nililifikisha jambo hilo kwa bosi wetu, Bronte. Akanijibu, "Watu walilia, Desmond. Unataka nini tena?"

Dada, aliyeikata sentensi ile ni mimi. Hakuna aliyeniamuru. Niliona mzaha unaharibu huzuni, nikauondoa, nikaenda kunywa chai.

Na kuna la nyuma zaidi. Wiki ile ulipolazwa baada ya ajali, nami nina miaka kumi na tisa, nilimwambia mama pale koridoni kwamba heri usiamke. Alinizaba kofi, na hatukulitaja tena mpaka alipofariki. Wewe ukaamka. Umefundisha hisabati miaka ishirini na mitatu, umeniachisha pombe, umenicheka kila nilipostahili kuchekwa. Na bado, nilipomwona mtu kwenye kiti cha magurudumu kama chako, nilimfanyia lile lile. Nilimsikia akitaka kuishi, nikaona nimemwelewa vizuri kuliko anavyojielewa.

Jumatatu moja mwezi uliopita niliandika malalamiko rasmi dhidi ya kipindi, na mkosaji wa kwanza niliyemtaja ni mimi. Alwyn nikampa rekodi nzima, akaenda nayo kwenye redio ya mji wao. Amepata saa moja kati ya mbili alizoomba, na bado anapigania ya pili. Mimi nimesimamishwa kazi. Wendy anasema nilichelewa, na ni kweli.

Sitaki unisamehe kwa barua, maana ungeniandikia maneno mazuri ili nisiumie. Ijumaa usiku navuka bahari kwa meli. Nitafika kwako Jumamosi kabla ya chakula cha mchana, na utakaloniambia nitalisikiliza mpaka mwisho.

Nisalimie majirani zako wote, na ujitunze na hiyo baridi.

Mdogo wako,
Desmond