Magoli Katika Shamba la Mlangoni

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi Kiomboi, 5 Novemba 1951, saa nne asubuhi.
Jina: Yunisi binti Alute. Umri: kama miaka arobaini na tano. Kazi: mkulima. Makazi: karibu na Iguguno. Dini: Mkristo.

Mimi ni mjane wa Marko. Mshtakiwa Lea ni wifi yangu. Tunagombania mpaka wa shamba, huu mwaka wa sita, na hatusalimiani. Jumbe Antipasi anajua hivyo, ndiyo maana akanitaja mimi kuwa shahidi.

Shamba lenyewe liko mlangoni, kati ya nyumba yangu na yake. Kila mwaka tunalimwagia samadi ya zizini, tunaibeba kichwani kikapu kwa kikapu. Mawe tuliyaokota sisi. Shamba la porini halipati samadi. Ukililima miaka mitatu linachoka, unaliacha lipumzike. La mlangoni halipumziki, ndilo linalotulisha.

Mnamo tarehe 29 Oktoba, saa tatu asubuhi, Jumbe alikuja na watu wanne wakasimamisha magoli ya miti humo. Tulikuwa tumeshavuna na ng'ombe wameshakula mabua, yeye akaona uwanja mtupu. Nilimwambia, "Shikamoo, Jumbe. Hapa ni shamba." Akajibu, "Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, anakuja Jumamosi kutazama mpira. Nitawapa porini, ukubwa ule ule." Nikamwuliza ukubwa unaliwa na mboga gani. Akaniita mwanamke mkorofi. Sikatai.

Jumamosi tarehe 3 Novemba, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nilimwona Lea aking'oa goli la upande wake kwa jembe. Alikuwa peke yake. Aliniona, akaendelea kung'oa. Huyu aliniambia kwenye matanga ya Marko kwamba mdomo wangu ndio uliomuua kaka yake. Sijamsamehe, wala leo simsamehe.

Jumbe ameniahidi kwamba nikiyasema hayo tu, Lea atafungwa, na mpira ukiisha shamba lote litakuwa langu.

Lakini magoli yalikuwa mawili, afande, na yote yameng'olewa. Lea aling'oa moja. La pili lilikuwa upande wangu, na hakuna aliyeniuliza. Jembe langu nimeliegemeza hapo nje ukutani kwenu, bado lina udongo.

Nimemaliza. Sina la kuongeza wala la kufuta.

Alama ya dole gumba: Yunisi binti Alute

Nimemsomea maelezo haya, amekubali ni yake. Jembe limechukuliwa kuwa kielelezo. Jina lake limetolewa kwenye orodha ya mashahidi. Amewekwa mahabusu chumba kimoja na Lea. Hawajasalimiana, ila Lea amesogea kumpisha kwenye mkeka.
Koplo Bonaventura