Picha Niliyoikimbia

Jumatatu, 3 Machi
Nimeamka kukojoa tena, na tena. Mkojo wenyewe matone tu. Mama Protus amechoka nami. "Baba Protus, huko nje wewe unaendanga kukojoa ama kulinda miwa?" Nimecheka. Si jambo la kucheka. Daktari amesoma damu yangu leo: kipimo cha tezi dume kiko juu mno. Anataka kwanza nipigwe picha ya MRI mjini, ndipo anichome sindano za kutoa vinyama vya kupima. Picha itamwonyesha pa kuchoma. Bila picha, amesema, ni kupapasa gizani. Mzee mzima, naogopa.

Alhamisi, 6 Machi
Aibu! Nilivua saa, mshipi, suruali. Nikavalishwa gauni lililo wazi nyuma, magoti nje. Mlango ukafunguka: Mama Imani, mke wa Protus. Nilijua kazi yake ni kupiga wagonjwa picha. Sikujua amehamia hapo. Mkamwana ambaye tangu aolewe sijamshika hata mkono. Nikienda kwao Amalemba huketi karibu na mlango, nikanywa chai, nikaondoka. Kwetu Kabras baba mkwe hawi uchi mbele ya mke wa mwanawe. Hata kuwaza ni mwiko.
Aligeuka upesi. "Baba, mwenzangu atakuwanga hapa Jumatatu. Rudi hiyo siku, tafadhali." Akatoka mbio. Nimevaa suruali nusura nianguke. Sirudi. Hata mwenzake akinipiga picha, yeye atakuwa chumba cha pili akiitazama, sehemu zangu zote kwenye kioo. Afadhali kufa.

Ijumaa, 7 Machi
Nimemdanganya daktari. Nimesema mashine imeharibika, nikamsihi achome hivyo hivyo. Amekunja uso, mwishowe akakubali. Mama Protus naye nimempa uongo ule ule.

Jumamosi, 12 Aprili
Majibu safi! Hakuna saratani katika vile vinyama. Mama Protus amechinja kuku, ingokho kamili, akasonga obusuma mlima mzima. Nimekula hadi nikafungua mshipi. Daktari bado ananung'unika kwamba sindano zinaweza kupita kando ya ugonjwa, nipigwe picha, nirudi kupima damu. Daktari haishiwi maneno. Jioni Protus amepiga simu. Mkewe anasisitiza nipigwe picha, hata Kisumu, ambako yeye hayuko. Nimemfokea. Nani alimweka kuwa msimamizi wa mwili wangu?

Jumatatu, 8 Septemba
Mgongo. Siku nyingi sasa. Nilikuwa nasingizia palizi. Kupima damu sikurudi, picha sikupigwa. Leo nimeshindwa kuinuka kitandani, Protus akanibeba kama gunia hadi kwenye gari. Damu imepimwa. Daktari hakunitazama usoni. Picha, amesema, na safari hii hakuna cha mashine mbovu.

Alhamisi, 11 Septemba
Mashine inagonga kama fundi wa mabati. Aliyenilaza humo ni Mama Imani. Sikuwa na nguvu za kukataa.
Uvimbe uko sehemu ya mbele ya tezi, mahali ambapo sindano hazikufika. Sasa umeingia mifupani. Nimemuuliza daktari: Machi ungeonekana? Ungeonekana. Ningepona? Huenda. Nimeuliza tena. Huenda.
Mwacha mila ni mtumwa, tulifunzwa. Mimi sikuiacha. Niliishika kwa mikono miwili, na imenizika. Najichukia. Namchukia hata daktari kwa lile neno lake. Mama Protus analia jikoni akidhani simsikii.

Jumanne, 30 Septemba
Sitaki wageni. Sitaki maombi. Mchungaji amekuja, nimejifanya nimelala.

Jumapili, 16 Novemba
Mvua. Mama Protus amekwenda kanisani. Mikono yake imechoka, hawezi tena kunigeuza peke yake. Mama Imani amebaki nami. Amechemsha maji, akanivua, akaniosha kote, kote kabisa, akanibadilisha nepi na kunipaka mafuta. Sikuona haya. Haya ni ya mtu anayetarajia kuishi. Maji yalimwagika kwenye karai. Kisha akauliza kama chai aitie tangawizi. Nikasema aitie kidogo.