Bakuli la Maua ya Khatmi

Samail, Jumatano, baada ya Isha

Bora ningempa kidogo tu. Kidogo!

Jirani yangu Ummu Salim kaja leo alasiri. Tangu Nasra mwanangu ahamie Maskati, hakuna anayebisha mlango huu ila mleta gesi. Binti wa Ummu Salim anakohoa. "Khalti, nasikia una khatmi. Naomba maua nimchemshie."

Ninayo. Mwaka wa pili huu naihangaikia. Haitaki ukavu hata siku moja, basi kila ikifika zamu yangu ya maji ya falaj, mfereji wetu wa mji, naipa hiyo kwanza kabla ya mitende. Wiki hii ndiyo kwanza imetoa maua.

Nikayachuma yote, hata yaliyokuwa hayajafunguka vizuri. Nikayatia kwenye bakuli langu la buluu, makusudi. Hapa, kama kwetu Unguja, chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Nikajisemea atalirudisha Ijumaa na halwa kidogo, tutakunywa kahawa.

Ummu Salim katoa mfuko wa nailoni mkobani, kayamimina maua humo, kanipa bakuli langu palepale. "Nisikusumbue, khalti." Kahawa hakukaa kunywa.

Nimeliosha bakuli. Halikuwa na uchafu wowote.

Maua yamekwisha, lakini mizizi ipo, na kwa kikohozi mizizi ndiyo yenye nguvu. Mtoto akiendelea kukohoa, mama yake atarudi.

Astaghfirullah. Naandika nini mimi?

Ya Rabbi, mponye. Kesho nitang'oa mizizi, nimpelekee mwenyewe.