Amri Isiyo na Nukta

Kemondo, Jumanne 2 Septemba 2025

Mpendwa binti yangu Kokulinda,

Pokea salamu za nyumbani. Sisi wazima, mama yako hajambo kabisa. Natumaini kifua chako kimepona.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu sikusikii vizuri, nawe ukirudia mara ya pili unapandisha sauti. Kompyuta uliyoniletea imekufa. Alhamisi iliniomba ruhusa ya kusasisha programu, nikairuhusu, maana ulisema niwe nairuhusu siku zote. Katikati ya shughuli umeme ukakatika. Sasa nikiiwasha inaishia kwenye giza lenye maneno meupe. Inakubali jina na nywila, halafu inanitazama tu.

Humo ndimo nilimoandika presha ya mama yako na hali yake, asubuhi na jioni, kwa miezi kumi na minne. Daftari niliacha uliposema litaliwa na mchwa. Daktari bingwa anafika hapa Jumatatu tarehe 22, na ameagiza aone yote ndipo abadilishe dawa. Fundi Elias anasema, "Mwalimu, hii napiga window, nusu saa imeamka." Nimemwambia aje Jumatatu ijayo.

Barua hii anakuletea Venant wa kantini ya meli.

Baba yako,
Rwehumbiza

Buswelu, Mwanza, Alhamisi 4 Septemba

Baba mpendwa,

Shikamoo. Kifua kimepona, usingizi ndio sina. Nimefurahi kwamba Mama hajambo.

Elias asiiguse. Kupiga window ni kufuta kila kitu na kuanza upya. Itaamka kweli, lakini itaamka bila hata siku moja ya Mama.

Maandishi yako yapo. Kwa ulivyoeleza, kilichoharibika ni orodha. Kompyuta huwa na orodha ya programu zote ilizowekewa, na umeme ulikatika ikiwa inaiandika. Sasa haijui ina nini na haina nini, kwa hiyo haifungui kitu. Lakini kila siku huweka pembeni nakala ya orodha hiyo, na ya Jumatano ni nzima. Kwenye karatasi ya pili nimekuandikia mistari miwili. Wa kwanza unairudisha orodha ya Jumatano mahali pake, wa pili unamalizia kazi iliyoachwa nusu. Uandike mmoja, bonyeza kitufe cha kuingiza, subiri, ndipo uandike mwingine.

Ningekuja mwenyewe. Nimeomba ruhusa kazini, nimenyimwa. Kutwa nzima niko kazini Nyamagana natengeneza mashine za watu nisiowajua, jioni nashindwa hata kuchemsha chai. Kosa ni langu, Baba. Sikukwambia uanze kwa kuangalia umeme.

Binti yako,
Koku

Kemondo, Jumanne 9 Septemba

Mpendwa Kokulinda,

Salamu. Hapa ni wazima. Mama yako hajambo, jana amekula ndizi vizuri.

Kazi imekataa. Nimefuata mistari yako neno kwa neno, isipokuwa palipokuwa na makosa ya uandishi, ambayo nimeyasahihisha. Binti wa mwalimu anaanza sentensi kwa herufi ndogo! Mwishoni hakuna nukta. Hata nafasi kati ya maneno umeziweka ovyo. Nimejaribu mara tisa, na kila mara inajibu kwamba amri hiyo haijulikani.

Elias alikuja jana na flashi yake shingoni kama rozari. "Mwalimu, tarehe 22 hiyo inakuja. Binti yako msomi, lakini yuko Mwanza. Mimi niko hapa." Nikamwambia angoje wiki moja. Sijui kama nimefanya vema.

Baba yako

Buswelu, Alhamisi 11 Septemba

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima.

Ile si sentensi. Haina mwanzo wala mwisho, ni kama namba ya gari. Herufi zote ndogo. Usiweke nukta. Palipo na alama ya mkwaju (/) weka mkwaju, na pale nilipochora kisanduku kidogo ndipo penye nafasi, kwingine isiwepo. Nimeiandika upya kwa herufi za kuachana.

Barua zangu zote za bweni ulizirudisha zina wino mwekundu, nami nilizinakili upya bila kuuliza. Mara hii moja nakili wewe, pamoja na makosa yangu.

Koku

Kemondo, Jumanne 16 Septemba

Mpendwa binti yangu,

Wote wazima. Mama yako hajambo.

Imeamka. Maneno yalishuka kama dakika kumi, halafu ikatokea ile picha ya ziwa na faili zangu zote. Elias aliposikia akasema, "Basi Mwalimu, nipokee mimi niwe mwanafunzi wako."

Printa ya shule haina wino. Maandishi nimeyaweka kwenye flashi hii. Yachapishe umpe Venant Alhamisi. Usipoteze muda kuyasoma, ni namba tu.

Ahsante, mwanangu.

Baba yako

Buswelu, Alhamisi 18 Septemba

Baba mpendwa,

Shikamoo.

Kurasa sitini na moja ziko ndani ya bahasha, bila kubadilishwa hata neno. Nimezisoma.

"3 Julai, jioni. 190/110. Ameuliza mimi ni nani. Nimemwambia. Akasema ahsante."

"20 Agosti, asubuhi. 175/100. Hakula. Amenifukuza chumbani, ati mume wake yuko njiani anarudi. Nimelala sebuleni."

Barua yako ya tarehe 20 Agosti ninayo. Inasema hajambo kabisa.

Sikulaumu. Nami nilikuwa nasoma neno hilo haraka nipate kupita. Lakini siku moja umeandika kwamba alikaa mlangoni kutwa akinisubiri, na siku hiyo nilikuwa hapa, sina kazi yoyote, nimejilaza.

Sikuomba tena ruhusa, nimeaga tu. Napanda meli ya Jumapili, nitashuka Kemondo Jumatatu asubuhi kabla daktari hajafika. Mwambie Mama kwamba nakuja. Kesho mwambie tena.

Asiponijua, nitajitambulisha.

Binti yenu,
Kokulinda