Baraka za Bwana Elisaria

Kariakoo, Dar es Salaam
Desemba

Kaka Kasmir,

Tumsifu Yesu Kristu, na shikamoo juu yake. Mguu wa mama unaendeleaje? Sisi ni wazima, ila mke wangu Matilda amekonda na anasema ni joto. Nimekubali kuwa ni joto. Barua hii anakuletea Ritha, anayekuja huko kula Krismasi. Sikupiga simu kwa sababu wewe ukiongea na simu hata mbuzi wa jirani wanapata habari.

Nasikia Bwana Elisaria anawajengea tenki na mabomba, na anachoomba ni ukoo ukubali tu mfereji wetu uzibwe kule juu, maji yote yaingie kwenye tenki lake. Nasikia pia kuwa wewe, mzee wa mfereji, umeshamwita baraka, na siku ya kikao baada ya Krismasi utasema ndiyo. Kaka, hiyo baraka mimi naishi ndani yake.

Ghorofa tunalopanga hapa ni lake. Zamani tulikuwa na bomba la mtaa, likitoka siku linapojisikia, na wasukuma mikokoteni waliotuletea maji kwa madumu. Elisaria akachimba kisima uani. Padri akaja kukibariki, akanyunyiza maji juu ya maji. Tukachota bure. Watu wakauza madumu yao, wenye mikokoteni wakahamia Ilala, na bomba la mtaa likaharibika, au ndivyo tulivyoambiwa. Tulipokuwa hatuna pengine pa kwenda, asubuhi moja tukakuta kufuli. Akasema yeye hauzi maji, Mungu apishe mbali; sisi tunachangia tu umeme wa pampu.

Na maji yenyewe ni ya chumvi, sabuni haitoi povu. Mama Zena, aliyekuwa akipika chakula hapo mlangoni, alimwambia Elisaria mbele za watu kuwa anamshukuru sana, maana tangu kisima kije hajanunua chumvi ya maharage. Watu walicheka mpaka wakashika ukuta. Elisaria naye alicheka. Kesho yake zamu ya Mama Zena ya kuchota ikasogezwa mwisho kabisa, bomba likiwa linatoa tope. Siku hizi hapiki tena.

Huko kwenu mfereji ukizibwa, migomba itakauka huku mkimsubiri mtu anayekaa Dar apokee simu.

Sasa neno lililonifanya niandike. Ufunguo wa kufuli ya uani ninao mimi. Ile kazi niliyowaambia ni usimamizi wa jengo, ndiyo hiyo. Mimi ndiye niliyemsogeza Mama Zena mwisho. Kwangu maji hayakatiki. Wiki hii Elisaria amenituma kununua kufuli nyingine, moja kwa kila bomba la huko nyumbani. Zimo kwenye lori linalokuja, chini ya saruji, kazichungulie mwenyewe. Amesema funguo nitakaa nazo mimi, kwa kuwa watu hawagombani na mtoto wa nyumbani. Nikamjibu, asante bosi.

Kwa hiyo siku ya kikao, kataa. Nitafukuzwa, na Matilda nitamweleza. Lakini usingoje mimi nikatae. Nimejipima, sitaweza.

Wasalimie wote hapo nyumbani. Mwambie mama ndoo zake asizigawe.

Mdogo wako,
Ansbert