Nani Anaondoa Mawe Yetu

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Barabara kubwa bado imechimbwa. Madereva wamegeuza mtaa wetu njia ya kukwepa foleni — bodaboda, fuso, mpaka malori ya machungwa ya Muheza. Leo fuso nusura limzoe Mama. Masikio yake honi hayazisikii tena. Tumekubaliana na majirani: baada ya isha tunafunga njia kwa mawe. Mama sikumwambia. Atakosa usingizi bure.

Jumatano, 6 Agosti
Mawe yameondolewa. Mara ya pili! Tena yamepangwa ukutani vizuri, moja moja. Macho yangu yako kwa Idarusi wa supu. Njia ikifungwa, madereva watasimama kwake saa ngapi? Nimemsalimia, kajibu anaangalia sufuria. Mtu safi haangalii sufuria.

Alhamisi, 7 Agosti
Nimemwuliza Idarusi. Eti, dada Hasina, liache hilo, usije ukajuta. Ananitisha? Kikulacho ki nguoni mwako. Nimekwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, nimemwambia nimemwona kwa macho yangu. Sikumwona. Lakini nani mwingine? Kikao Jumamosi, saa nne.

Jumamosi, 9 Agosti
Alfajiri nilikaa dirishani nimfume. Mtu kainama barabarani, anaviringisha jiwe kwa mguu. Nikafungua mlango — kanga ya Mama.

Alikuwa anavuka kwenda kumkanda mguu shoga yake, Bi Asmahani, kama kila siku akishaswali. Taa za gari zikakata kona. Nikaita. Atasikia wapi. Idarusi ndiye aliyetoka mbio, upawa mkononi, akasimama katikati ya njia mpaka gari likafunga breki. Hakunitazama. Alijua siku zote, akamsitiri.

Nikamkalisha Mama barazani. Kaniambia, kuondoa udhia njiani ni sadaka, mwanangu. Hajui ni nani mwenye roho mbaya anayewatega watu hivi.

Sasa saa nne kasoro. Bi Asmahani kamwambia Mama kwamba Idarusi ana kesi. Mama kashavaa baibui, anasema lazima akamtetee aliyemwokoa. Kasimama mlangoni, ananiuliza ni nani aliyemsingizia kijana wa watu.

Anauliza tena, kwa sauti ya juu. Anadhani sijasikia.